Mkono wa Kushoto wa Mjomba Gaolathe

Mmathethe,
9 Machi 1998

Mpendwa dada Tshenolo,

Pokea salamu zangu, na Boikanyo naye azipokee, maana najua ndiye anayekufungulia bahasha hii. Sisi huku tupo. Mvua zilikatika mapema, mtama umedumaa, lakini matikiti yamekubali na kila nyumba inapika uji wa matikiti mpaka watu wamechoka. Binti wa jirani yetu Mama Seeletso amejifungua mtoto wa kiume, wamempa jina refu hata padri alisita kulisoma. Ile nyumba ya wageni waliyoanza kuijenga karibu na shule imeishia kwenye madirisha.

Dada, nimezunguka vya kutosha. Baba ameanguka. Ilikuwa kabla ya Krismasi, kule kwenye kambi ya ng'ombe. Wachungaji walimkuta chini karibu na birika la kunyweshea ng'ombe, wakamleta kwenye trela ya trekta. Daktari wa Lobatse akasema ni kiharusi. Upande wa kulia umekufa. Mdomo umepinda, na maneno hayatoki. Inatoka sauti tu, kama mtu anayeongea chini ya maji. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Niko naye peke yangu. Ndugu walikuja, wakala, wakaomba, wakaondoka. Mimi namwogesha, namlisha, namgeuza. Unajua baba alivyo mkubwa.

Nasikia chama chenu cha walemavu huko Francistown kina watu waliofunzwa kumwinua mtu bila kumuumiza, na kwamba kila mwanachama ana wa kwake. Nakuomba, dada. Ungeweza kumtafutia mmoja? Hata kwa muda mfupi. Na kama kuna kiti cha magurudumu kilichokwisha kutumika, hicho pia.

Nimeshindwa kupiga simu. Simu ya dukani kila mtu anaisikiliza.

Mdogo wako,
Kebadire


Francistown,
2 Aprili 1998

Kebadire mdogo wangu,

Salamu zako zimefika na zimepokelewa. Mimi mzima. Tumeanza kujifunza kutumia kompyuta. Mimi nabonyeza kwa kijiti ninachokishika mdomoni, na mwalimu anasema nina haraka kuliko wenye vidole. Barua hii lakini ni mkono wa Boikanyo. Mkono ni wake, maneno ni yangu, haongezi wala hapunguzi. Kuna neno moja nilitaka kumwita baba yako, Boikanyo akasema haijui tahajia yake, kwa hiyo nimeliacha.

Jibu langu ni hapana.

Ungeweza kukomea hapo, lakini nataka ujue ninachokataa, kwa sababu miaka ile ulikuwa Gaborone unajifunza kushona na unajua nusu tu.

Lori lilipopinduka na mimi nikavunjika shingo, mama alikuwa amekwisha kufa, na Mjomba Gaolathe, baba yako, akanichukua. Nyumba nzima ya ukoo ilimsifu. Kisha kanisa likamleta Boikanyo. Boikanyo hakuwa yaya wala nesi. Alikuwa mikono yangu. Mimi nasema tuamke, tunaamka. Nasema tuende kwenye kwaya, tunakwenda. Nilifundisha watoto hesabu pale uani, chini ya bati la karakana. Nilikuwa na Modise, yule aliyeongoza kwaya, ambaye kila Jumapili alileta kigoda chake mwenyewe akakaa nami mpaka jua likashuka. Nilikuwa mtu, Kebadire. Sikuwa mgonjwa.

Mjomba hakuliweza hilo. Alisema kilema anayevaa vizuri na kutembelewa na wanaume anaiaibisha nyumba. Alimfukuza Boikanyo getini mbele ya watoto wa hesabu. Akayafungua magurudumu ya kiti changu, akayafunga kwenye mkokoteni wa kuchotea maji, kwa sababu, alisema, kiti kile kinakaa bure. Akanihamishia chumba cha nyuma, kile chenye dirisha moja juu, upande wa zizi la mbuzi. Modise alipokuja aliambiwa nimepelekwa hospitali ya mbali na sitarudi. Nilisikia sauti yake uani. Niliita. Mbuzi wananipigia kelele na mimi naita.

Wageni wakiuliza habari zangu, Mjomba alijibu, "Amelala." Na kweli nililala. Nililala mpaka nyama ya kiunoni ikaoza na mfupa ukaonekana. Kama si yule nesi wa chanjo kuingia uani na kufuata harufu, ungenizika.

Sasa yeye ndiye amelala. Mwache alale.

Swali moja tu. Umemlaza chumba kipi?

Tshenolo


Mmathethe,
24 Aprili 1998

Mpendwa dada,

Nakusalimu. Huku baridi imeanza kuuma asubuhi. Mama Seeletso anaumwa miguu. Mwalimu mkuu wa shule amehamishwa, na sare za wanafunzi nilizokuwa nashona amepewa mwanamke wa Kanye, kwa sababu mimi nilichelewa kuzimaliza. Cherehani yangu nimeifunika gunia ili vumbi lisiingie.

Barua yako niliisoma nimekaa nje. Mengine nilikuwa siyajui. La Modise sikulijua kabisa.

Sikuombi umpende. Hata mimi kuna siku namlisha kijiko na nageuza uso. Lakini dada, mgongo wangu umekwisha. Juzi nilikuwa namwinua akateleza, tukaanguka wote wawili, yeye juu yangu, na tukakaa hivyo sakafuni mpaka mtoto aliyeleta maziwa alipotukuta. Baba alikuwa analia. Sijawahi kumwona baba analia, hata siku tuliyomzika mama.

Mimi nimefikisha miaka thelathini na moja mwezi huu. Hakuna aliyekumbuka, na mimi mwenyewe nilikumbuka wiki moja baadaye.

Kama jibu bado ni hapana, nitaelewa. Niandikie hata hivyo.

Kebadire


Francistown,
11 Mei 1998

Kebadire mdogo wangu,

Salamu. Heri ya kuzaliwa, ingawa imechelewa. Boikanyo amekushonea kitambaa cha meza, kimo ndani ya bahasha. Usikicheke, wewe ndiye fundi.

Nimebadili mawazo. Nitamtuma mtu. Anaitwa Tebatso, wa Serowe, mrefu, mpole wa sauti na mgumu wa kichwa. Amefanya kazi na wanachama wetu wawili waliopooza na wote walilia alipohama. Chama kitamlipa, hilo lisikuumize. Atakuja na kiti. Si kizuri, lakini kinakwenda. Chumba chako cha kushonea ndimo atakamolala.

Usinishukuru. Ngoja kwanza usikie sharti langu.

Mwezi wa nane nitakuja Mmathethe. Nitamshtaki Mjomba kwenye kgotla, mbele ya chifu na watu wote wa baraza, kwa aliyonitendea. Nilitaka kufanya hivyo tangu nilipotoka hospitali, na kila niliyemwuliza aliniambia mjomba hashtakiwi na mpwa wake. Sasa wataniambia pia kwamba mtu asiye na mdomo hashtakiwi. Ndiyo maana nataka awe na mdomo. Tebatso atamtafutia njia ya kujibu, iwe kwa jicho au kwa kidole, vyovyote vile. Nataka siku hiyo awe ameoga, ameketi wima, kichwa hakijalala. Sitaki kushindana na mgonjwa kitandani. Watu wangemwonea huruma yeye, na mimi huruma yao naijua, nilikaa nayo miaka mingi.

Mweleze yote haya. Asishtukizwe. Mimi nilishtukizwa.

Kama hukubali, nijibu haraka nimzuie Tebatso. Na hukunijibu kuhusu chumba.

Tshenolo


Mmathethe,
28 Juni 1998

Mpendwa dada Tshenolo,

Nakusalimu sana sana. Kitambaa kimetandikwa mezani na kila anayeingia anakigusa. Baridi mwaka huu imeua vifaranga wote wa Mama Seeletso. Tumevuna kidogo, lakini maharage yamejaa kapu.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nalala. Unacheka, lakini ni kweli. Tebatso alipofika niliingia kulala mchana, nikaamka kesho yake, na hakuna aliyekuwa amekufa.

Chumba, dada. Ndiyo, kilikuwa kile. Nadhani Tebatso alikwisha kukuambia. Nilimweka kule kwa sababu kiko karibu na bomba, basi, sikufikiria zaidi, au labda nilifikiria. Tebatso aliingia, akatazama lile dirisha, akauliza nani amemlaza mtu atazame ukuta tu. Siku ileile akamhamishia chumba cha mbele.

Mwanzoni baba alimchukia. Tebatso hagusi kitu bila kuuliza. "Mzee, tuanze na uso au miguu? Mzee, uji sasa au baadaye?" Baba alikuwa ananitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye nijibu. Tebatso akaniambia nitoke chumbani. Alikaa pale na bakuli la uji mpaka ukaganda, hakumlisha, hakuondoka, mpaka baba akauinua mkono wa kushoto. Tangu siku hiyo, mkono juu ni ndiyo, ngumi ni hapana. Kuna pia picha ambazo Tebatso amechora kwenye ubao, baba anaonyesha kwa kidole. Wiki iliyopita walikwenda kambini kwa trekta kuona ng'ombe. Alirudi ana vumbi mpaka kwenye nyusi, anatoa ile sauti yake, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anacheka.

Na mimi nimefunua cherehani. Mwanamke wa Kanye alishindwa, sare zimerudi kwangu.

Nilimweleza kuhusu baraza. Nilimsomea barua yako neno kwa neno, kama ulivyotaka. Alifumba macho. Nilimwuliza, "Baba, utakwenda?" Nilingoja mpaka nikakata tamaa. Kisha akauinua mkono.

Dada, labda ukimwona alivyo sasa, utaona kwamba si lazima.

Kebadire wako


Francistown,
25 Agosti 1998

Kebadire mdogo wangu,

Tulifika salama. Treni ilichelewa Palapye kwa sababu ya ng'ombe relini, na Boikanyo aligombana na kondakta aliyetaka kunipakia kwenye behewa la mizigo. Boikanyo akashinda. Ahsante kwa kitanda na kwa maharage.

Siku ya baraza nilikuona ukiinuka. Mimi sijauliza hata swali la kwanza, wewe umeshashika kitambaa chako cha kichwa unapita kati ya wanawake kwenda nje. Jioni hukutaka tulizungumzie, ukakaa unaosha sufuria zilizokwisha kuoshwa. Kwa hiyo nakuandikia uliyokimbia kuyasikia, kwa sababu watakusimulia wengine nao watakosea.

Wazee walianza kama nilivyotarajia. Mmoja akasema si desturi, mwingine akasema hana mdomo. Nikawaambia, "Ana mkono. Muulizeni kama anautaka ushahidi wake usikike." Chifu akamwuliza. Mjomba akauinua mkono.

Nilimwuliza kama alimfukuza Boikanyo. Mkono juu. Kama aliyatoa magurudumu ya kiti changu. Mkono juu. Kama alimdanganya Modise. Mkono juu, na hapo watu wakaanza kunong'ona, maana Modise mwenyewe alikuwa amesimama nyuma na mke wake. Nilimwona. Amenenepa.

Kisha nikamwuliza, "Ulijua nina kidonda?"

Akafunga ngumi. Hapana.

Nikamwambia, "Mjomba, sikuulizi kama ulikiona. Harufu yake uliisikia?"

Kebadire, alinitazama. Tangu nilipoingia alikuwa anaangalia miguu ya watu, sasa akanitazama mimi. Ile ngumi ilikaa juu ya paja. Nilikuwa na hamu ya kunywa maji na sikuthubutu kumwambia Boikanyo. Mwisho ngumi ilifunguka na mkono ukapanda, pole pole, na hakuushusha mpaka Tebatso alipoushika.

Chifu akahukumu kwamba anitolee fahali mmoja, na kwamba asikae tena kama msemaji wa ukoo katika ndoa wala msiba. Hilo la pili ndilo lililomwumiza, nilimwona. Fahali mwacheni kambini, sina pa kumweka kwenye gorofa.

Kisha chifu akamwuliza kama ana neno la mwisho. Akafungua mdomo. Akaanza, "Tshe, Tshe." Nilijua ni jina langu. Sikumngoja alimalize. Nilimwambia Boikanyo anigeuze, tukatoka.

Jambo dogo. Tebatso namhitaji huku. Mwisho wa mwezi apande treni. Kiti kibaki.

Tshenolo


Mmathethe,
21 Septemba 1998

Dada Tshenolo,

Leo sina salamu.

Tebatso ameondoka. Aliniambia ameandikiwa na chama, akafunga mzigo wake, na aliniaga hali amekasirika, sikujua ni kwangu au kwako. Kabla hajaondoka alimweleza baba, akamwuliza kama ameelewa. Mkono juu.

Kiti kipo. Kinafaa nini? Siwezi kumtoa kitandani kumweka kitini. Nilijaribu na Mama Seeletso, tukakaribia kumvunja. Kwa hiyo kiti kimekaa pale ukutani na baba anakitazama. Ubao wa picha anausukuma. Nikimwuliza uso au miguu, anageukia ukuta.

Nilimwuliza kama nikuandikie kukuomba. Akafunga ngumi. Nikamwuliza tena, nikadhani hakunielewa, akaipiga ngumi kwenye godoro. Sijui kama ni kiburi au ni aibu. Yeye hawezi kuniambia na wewe hukungoja.

Nakuuliza kitu kimoja na nataka jibu la kweli. Ulipomtuma Tebatso mwezi wa tano, ulikuwa umekwisha kupanga kumwondoa?

Kebadire


Francistown,
3 Oktoba 1998

Kebadire,

Ndiyo.

Boikanyo ameliandika neno hilo na ameweka kalamu chini, ananitazama. Nimemwambia aendelee.

Ulipoandika mara ya kwanza kwamba amelala, nilifurahi, na furaha ikaisha upesi. Nikajiuliza, analala, lakini anajua amekosa nini? Mtu aliyeanguka siku moja na kubaki kitandani anadhani Mungu ndiye aliyemlaza. Mimi sikulazwa na Mungu. Mimi nilikuwa nimeamka. Nilikuwa na kwaya na watoto wa hesabu na mwanamume mwenye kigoda, na mtu akaja akanilaza. Nilitaka naye aamke kwanza. Nilitaka aone ng'ombe wake, acheke, azoee kuulizwa. Halafu mikono iondoke, na ajue nani ameiondoa.

Baraza lilikuwa la watu. Hili lilikuwa langu na lake.

Sasa anajua. Ile ngumi anayokataa nayo kuniomba, naielewa mimi kuliko wewe. Ameipokea. Tuko sawa.

Sikutaka uumie.

Tshenolo


Mmathethe,
14 Oktoba 1998

Tshenolo,

Unasema mko sawa, wewe na yeye. Mimi mmeniweka wapi?

Nani anamgeuza? Ni mimi. Unadhani umemnyang'anya baba mikono yake. Mikono aliyobaki nayo ni hii yangu, na unaijua ilivyo, imechubuka mpaka viwiko. Umenilaza mimi. Sare nimezirudisha shuleni, na safari hii hawatanipa tena. Cherehani nimeiuza kwa binti wa Mama Seeletso ili nisiione.

Alipokufungia Mjomba wako, mimi sikuwepo. Uliandika mwenyewe kwamba sikuwepo. Sasa nimo humu ndani kwa ajili ya jambo ambalo sikulitenda, na hakuna baraza nitakalokushtakia, kwa sababu wewe ndiye uliyeonewa, kila mtu anajua, chifu amesema.

Ulijifunza vizuri kwa baba yangu. Yeye naye hakutaka mtu yeyote aumie. Alitaka nyumba yake ikae sawa.

Jana nimeona wekundu kwenye kiuno chake. Nimeubonyeza na haukugeuka mweupe. Najua maana yake, ndivyo kinavyoanza kidonda kama kile ulichoniandikia.

Usipojibu sitashangaa.

Kebadire


Francistown,
22 Oktoba 1998

Kebadire mdogo wangu,

Nakusalimu, na nasalimia mgongo wako na mikono yako, maana ndiyo niliyoisahau. Sisi huku mvua ya kwanza imenyesha, imeng'oa mabati ya soko.

Barua yako ilifika Ijumaa. Nilimwambia Boikanyo aisome, kisha nikamwambia aisome tena, alipofika kwenye wekundu wa kiuno nikamwambia anipeleke nje. Tulikaa pale barazani mpaka mvua ilipotufukuza.

Nilimwita Tebatso. Nilidhani nitamwagiza tu, kama nilivyomwagiza mara mbili. Akaniambia, "Mara ya kwanza ulinituma kama zawadi, mara ya pili ukanirudisha kama kiboko. Mimi ni mfanyakazi, mama. Nikienda, nakwenda kazini, na siitwi tena kwa sababu umekasirika." Nikamwambia ana haki. Haikuwa rahisi kulisema, na sikulisema vizuri.

Basi sikiliza yalivyopangwa. Nimezungumza na wenzangu chamani. Kuanzia sasa mwanachama ni wewe. Tebatso ameandikwa kwa jina lako. Wewe ndiye utakayemwambia aje lini, apumzike lini, na ukimwona hafai utamfukuza wewe. Mimi sina tena amri juu yake, nimeomba iwe hivyo, ili siku nikiamka na hasira zangu nisiweze. Anapanda treni Jumatatu. Kabla ya hapo mgeuze ubavu mara kwa mara, mchana na usiku, usimlaze juu ya ule wekundu hata kidogo, na mwite nesi aje auone. Usingoje harufu.

Yule fahali wangu wa kambini, muuzeni, ukanunue cherehani. Usibishane na mimi.

Hujaniuliza, lakini nakuambia. Sijamsamehe. Nimejitazama vizuri ndani nikiutafuta huo msamaha, haupo, na sitajifanya upo kwa sababu watu wa kanisa wangependa. Siku akifa sijui kama nitakuja. Lakini nilikuwa nataka alale, na sasa najua wekundu wa kiunoni unavyoanza, na siwezi kuutaka hata kwake.

Tebatso akifika, baba yako atataka kujua nani amemrudisha. Mwambie ni wewe, maana ndiyo kweli. Akikuuliza habari zangu, mwambie, "Tshenolo bado ana kinyongo na wewe, baba." Halafu muulize anataka kuvaa shati gani.

Dada yako,
Tshenolo